Jenereta Yenye Midomo Miwili

Siku ile jenereta ilipowashwa kwa mara ya kwanza uani kwangu Mkunya, tulikuwepo watu hawa. Mimi mwenyewe, mwenye nyumba. Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu wa kwanza, mwenye mashine ya kutotolesha vifaranga. Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho, ambaye kazi yake ni kupulizia dawa mikorosho ya watu. Mtani wangu, bibi mwenzangu wa nyumba ya pili kutoka kwangu, ambaye ukoo wake na ukoo wangu huzikana na kutukanana tangu enzi za wazee. Na jirani yetu wa bodaboda, mtoto wa binamu wa marehemu mume wangu. Zaidi ya hao walikuwepo kina mama wa mtaani, wenye mayai yao, nao nawakumbuka mmoja mmoja, jina lake na jina la mama yake. Majina yote ninayo kichwani, lakini siyaandiki. Hakuna aliyeniambia niandike jina lake.

Sasa nieleze jenereta ilitoka wapi na kwa nini.

Mjukuu wangu alikuwa ameolewa Masasi. Ndoa ikashindikana, akarudi kwangu na begi la nguo na mashine ile ya mayai, aliyoinunua kwa jasho lake kwa kuuza maandazi. Ni sanduku tu, lina kioo mbele na taa ndani, unapanga mayai kwenye trei, umeme unayapa joto badala ya kuku. Kina mama wakaja kutazama. Wakampa mayai ya kuku wao awatotoleshee, naye achukue vifaranga wachache kama ujira.

Mara ya kwanza umeme ulitukatikia. Ukarudi, ukakatika tena, na siku moja ukakaa bila kurudi toka asubuhi mpaka jioni. Tulipoyapasua mayai, vifaranga walikuwa ndani wamekamilika, wana manyoya na kucha, wamekufa wote. Mjukuu wangu alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Wakamwambia, "Haya mwanangu, ni bahati mbaya." Lakini baada ya hapo wakawa wanamsalimia kwa mbali, na bombani maneno yakikatika akifika. Aliyemwambia usoni ni mtani wangu peke yake.

"Mjukuu wangu," alimwambia, "mayai hupikwa na chumvi. Yangu uliyapika bila chumvi."

Mimi nilicheka, maana utani una haki yake. Yeye hakucheka. Jioni ile akaniambia ameshapata mtu wa Chilangala wa kuinunua mashine, atakuja kuichukua mavuno ya korosho yakiisha, na yeye atarudi Masasi kuosha vyombo kwa mama ntilie mmoja anayemfahamu.

Nikamwambia, "Huyo mtu wa Chilangala aje. Ila kabla hajaja, totolesha mara moja nyingine."

"Mayai ya nani, Bibi? Nani atanipa mayai tena?"

"Nitayatafuta mimi."

Nikafunga kanga yangu nikatoka. Kila nyumba niliyoingia nilisema neno lilelile: mayai haya yanakaa mikononi mwangu, si mwa mjukuu wangu. Yakifa, njoo uani kwangu uchague kuku umtakaye. Walinipa. Wengine walinipa kwa kunionea haya, najua. Lakini nilitoa ahadi nyingine, ya kwamba yai halitaingia kwenye sanduku lile mpaka tuwe na umeme wetu wenyewe. Ndiyo maana fedha yangu ya korosho za msimu uliopita, iliyochelewa, ilipotoka, sikununua bati wala godoro. Nilikwenda kutafuta jenereta.

Tulianzia Newala mjini. Kijana wa duka alitupokea vizuri, akapiga jenereta moja kofi la mgongo kama anayemsifu ng'ombe.

"Hii, Bibi, inawasha kila kitu. Friji, redio, mpaka mashine ya kusaga."

Nikamwambia, "Mimi sina mashine ya kusaga. Niwashie taa moja tu."

"Haina mafuta, Bibi. Lakini niamini."

Nikamshukuru, nikatoka. Kitu cha kuwasha kila kitu ambacho hakiwezi kuwasha taa moja mbele yangu, nitakifanyia nini nyumbani?

Wiki iliyofuata nilikuwa na safari ya Masasi kupima macho, hospitali ya Mkomaindo. Mjukuu akanisindikiza, na mkwe wangu akaja ili awepo mtu wa kubeba. Wasomaji wa mbali mnielewe hapa: kwetu mkwe na mama mkwe wana heshima yao. Hakai karibu nami, hanitazami usoni, hatubishani. Akiwa na neno hulipitisha kwa mtu mwingine, hata kama nimesimama palepale ninasikia. Mimi pia siwezi kumkosoa mbele ya watu. Ni adabu, na ni nzuri, lakini siku ya kuiwasha jenereta nyumbani ilitaka kutuulia vifaranga, kama mtakavyoona.

Baada ya kupima macho tukaingia duka la mama mmoja wa makamo, mwenye ushungi mweupe na kalamu sikioni. Alinipa shikamoo, nikaitikia, akanivutia kiti.

"Bibi unataka kuwasha nini?"

Huyo ndiye mwuzaji, nikasema moyoni. Yule wa Newala hakuniuliza hivyo.

"Mayai," nikamjibu.

"Mayai hayawashwi, Bibi, yanakaangwa."

"Yangu yanawashwa."

Mjukuu akamweleza, akamwonyesha kiganja alichoandikia namba zilizo nyuma ya mashine yake. Mama yule akazisoma, akauliza na taa ni ngapi, na kama tuna mpango wa friji. Akasema tuchukue jenereta yenye nguvu zaidi kidogo ya kazi tuliyonayo, wala si zaidi sana, maana kubwa itakula mafuta bure. Akasema ndogo mno nayo ni kama mtu aliyejitwisha ndoo iliyojaa pomoni, kila hatua maji yanamwagika. Hilo nililielewa bila kufafanuliwa. Sisi tulioteremka bondeni kuchota maji na kupanda nayo huku juu tunajua ndoo ya kufika nayo nyumbani hujazwa mpaka wapi.

Akatuletea mbili nje, barazani. Ya kwanza nyepesi, ya mkono mmoja. Ina mdomo mmoja tu: unachanganya petroli na oili, unamimina humo humo, kama zile mashine za kupulizia mikorosho zinazobebwa mgongoni. Mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi, ametupa mgongo. Alipoiona akageuka.

"Mwambie Mama," akamwambia mjukuu wangu, "hii ndiyo tunayoijua. Hata ikiharibika saa yoyote ninaifungua."

Ya pili ilikuwa nzito, ya kubebwa na watu wawili. Yenyewe ina midomo miwili. Petroli tupu inaingia juu, kwenye tangi. Oili inaingia chini, tumboni, kwenye mdomo wake wenyewe, na havichanganywi. Mama wa duka alinionyesha midomo hiyo wakati mkwe na mjukuu bado wanaitazama ile nyepesi, akasema hii haina moshi mwingi na inavumilia kazi ya kutwa.

"Ziwashe zote," nikamwambia.

Akaziwasha, akaning'inizia taa kwenye kila moja. Nikasogea nikazitazama zile taa, kwa macho yangu yaliyotoka kupimwa. Ya jenereta nyepesi ilikuwa inatetemeka kama mtu mwenye homa, na kelele zake zikatufanya tupaze sauti. Ya ile nzito ilipepesa mwanzoni, kisha ikatulia tuli. Tuliongea kando yake bila kupiga kelele. Mama wa duka akasema umeme unaotetemeka hauzifai mashine zenye ubongo, na ile ya mayai ina ubongo wa kupima joto.

Mkwe akasema tena, kupitia kwa mjukuu, "Mwambie Mama hiyo nzito spea zake sizijui."

"Plagi na kamba yake ninazo hapa hapa dukani," akajibu mama wa duka, na akazitoa, akaziweka mezani.

Nikasema, "Izime. Sasa niiwashe mimi."

Mjukuu akasema, "Bibi, mkono wako."

"Mkono wangu umetwanga tangu wewe hujazaliwa. Umeme ukikatika nikiwa peke yangu nyumbani, nitamwita nani? Nikishindwa, siinunui."

Nikaukanyaga mguu wake wa chini, nikaishika kamba, nikavuta kama ninavyoivuta ndoo kisimani. Ikakohoa. Nikavuta tena ikawaka. Watu wa maduka ya jirani walikuwa wamesimama wanatazama, na mzee mmoja akaniuliza kama ninatafuta kazi ya ufundi. Nikamwambia nimeshaipata.

Yetu ilitolewa mpya kwenye boksi. Mama wa duka akanishika mkono akaniambia, "Bibi, hii haijatiwa kitu tumboni. Kabla ya kuiwasha, oili hii yote iingie mdomo wa chini. Na uiweke nje, mbali na dirisha. Moshi wake unaua watu, seuze vifaranga." Akanipa chupa ya oili. Mkwe wangu na mjukuu wakati huo walikuwa barabarani wanatafuta gari la kupanda Newala. Hawakuyasikia.

Nyumbani niliiweka pembeni ya sebule, nikaifunika kitenge. Mjukuu akataka tuijaribu. Nikasema ya namna yake imeshajaribiwa dukani, tusiichoshe. Mayai yakaingia kwenye mashine, na umeme, kana kwamba umesikia kuna mshindani, ukatulia kwa siku nyingi bila kukatika. Ukakatika asubuhi ile mayai yalipoanza kulia.

Ndiyo, mayai hulia. Ukiweka sikio unasikia kifaranga anaongea ndani ya ganda, na mengine yalikuwa yameshapata ufa. Ni wakati ambao joto halitakiwi kuondoka hata kidogo. Mjukuu wangu alitoka chumbani. "Bibi, umekatika." Nikamtuma kwa mkwe wangu, naye akaja mbio na mashine yake ya mgongoni bado inanuka salfa, ile dawa ya mikorosho, maana alikuwa shambani kwa mtu. Yeye na mjukuu wakaibeba jenereta wakaitoa nje, chini ya mkorosho wa mwisho wa uani, mbali na nyumba, wakavuta waya mrefu mpaka dirishani. Mimi nilibaki ndani nikalifunika sanduku kwa blanketi na vitenge, nikazungushia chupa za maji ya moto. Mkwe haingii chumba nilichomo, kwa hiyo lolote alilotaka kuuliza hakuuliza.

Nikasikia kamba inavutwa. Inavutwa tena. Kimya. Inavutwa tena. Kina mama wakaanza kuingia uani, maana habari ya umeme kukatika kila mtu anaiona kwake, na kila mtu alikumbuka mayai yake. Nikamwachia mjukuu sanduku, nikatoka.

Mkwe wangu alikuwa ameloa jasho. Mama mmoja akanong'ona, na mnong'ono wake niliusikia, "Wameuziwa chuma." Kando ya jenereta kulikuwa na galoni lake la kazini, lile la kupulizia mikorosho, na mafuta ndani yake yana rangi ya kuchanganywa. Na kando ya galoni, ile chupa yangu ya oili, tupu.

Nikaelewa palepale. Amefanya kama wafanyavyo wapulizaji wote wa huku juu, kama alivyofanya kila msimu wa maisha yake: ameichukua oili akaichanganya na petroli galonini, akamimina yote juu. Tumbo la chini likabaki kavu. Na jenereta ile, kumbe, imetengenezwa hivyo, ikiona tumbo lake ni kavu haiwaki, inajinusuru.

Nimwambieje? Uani pamejaa watu. Nikimwambia mimi, nimemvua nguo mbele ya wanawake wa mtaa mzima. Nikinyamaza, mayai yanapoa. Nikamwona mtani wangu ameegemea ukuta na bakuli lake la ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, anatafuna kama aliyekuja kutazama ngoma. Yeye ndiye mdomo niliouhitaji.

"Mtani," nikamwita kwa sauti ya kusikika, "si nilikusimulia kwamba mgeni wangu huyu wa Masasi ana midomo miwili? Wa juu unakunywa petroli tupu, wa chini unakunywa oili."

Mtani akaacha kutafuna. Akatazama galoni, akatazama chupa, akamtazama mkwe wangu. Akili yake ni wembe, hilo sitamnyima.

"Wewe mwana," akamwambia, "kumbe ndivyo unavyokaribisha wageni? Umemshindilia mwenzio chakula na maji mdomo mmoja, wa pili umeuacha unakauka. Na mkeo unamlisha hivyo hivyo? Ndiyo maana amekonda."

Uani pote wakacheka, na mkwe wangu akacheka zaidi yao, kwa sababu maneno ya mtani hayana kisasi. Akachuchumaa, akatafuta, akakiona kifuniko cha chini, akakifungua. Kina kijiti cha kupimia. Akakichomoa, kikavu kabisa.

"Kikavu," akasema, na toka hapo sikuwa na neno la kumfundisha. Alifanya kazi kama mtu aliyezaliwa na spana mkononi. Akayamwaga mafuta yote yaliyochanganywa yakarudi galonini, yatapuliza mikorosho. Akafungua plagi iliyolowa, akaifuta, akaikausha juani. Jirani wa bodaboda akaleta oili ya pikipiki aliyokuwa ameiweka ya akiba, akaingiza mpira kwenye tangi lake akatutolea petroli safi. Kina mama, wale wale walionong'ona, wakaanza kuchemsha maji kwenye mafiga yangu, chupa zikaingia na kutoka chumbani, za moto zinaingia, zilizopoa zinatoka. Hakuna aliyewatuma.

Mkwe alipomaliza, akaifuta kamba kwa shati lake, akasimama pembeni, akamwambia mtani wangu:

"Mwambie Mama avute yeye. Dukani alisema akishindwa hainunui."

"Na ukishindwa leo," mtani akaniambia, "nitakununulia koroboi."

Nikakanyaga, nikashika, nikavuta. Ikakohoa, ikatoa moshi wa mafuta yaliyosalia, ikanyamaza.  Nikajiambia, mkono huu umetwanga. Nikavuta tena na ikawaka, ikanguruma, kisha ikashusha sauti yake ikawa inaimba sawasawa kama cherehani. Kutoka chumbani mjukuu wangu akaita, "Taa imewaka, Bibi. Joto linapanda." Vigelegele vilivyopigwa pale vilisikika mpaka barabarani, najua kwa sababu watu wa barabarani waliingia kuuliza nani kaolewa.

Ilifanya kazi kutwa. Kina mama hawakwenda makwao. Walitandika mikeka uani, wakamenya mihogo yangu bila ruhusa, wakaipika. Mchana tuliizima mara moja ili ipoe tuiongezee petroli, mkwe akiisimamia, na safari hii mtu akisogea na galoni la kupulizia alifukuzwa kama mbwa mwizi. Karibu na alasiri mjukuu akatuita tuingie kwa zamu. Ganda limepasuka, na kifaranga amelala kifudifudi, amelowa, shingo yake haina manyoya. Mtani wangu anafuga kuku wa kishingo, hakuna mwingine mwenye kuku wale mtaa ule.

"Huyo wangu," akasema. "Mnaona? Amekuja wa kwanza. Mtoto wa mtu mwenye akili."

"Ametoka uchi kama mwenyewe," nikamjibu.

Baada ya huyo walifuatana, weusi, wa madoadoa, wa manjano, mpaka sanduku likawa linapiga kelele kama shule wakati wa mapumziko. Hatukupata wote, hakuna apataye wote, lakini kila aliyeleta mayai aliondoka na vifaranga ndani ya kapu, na mimi niliwagawia kwa kukumbuka trei ya nani ilikaa wapi. Hakuna aliyebisha. Mjukuu wangu alichukua ujira wake mwisho kabisa, akawaweka kifuani ndani ya kanga, akalia. Nikamwacha alie. Alikuwa na haki ya kulia siku ile.

Mtu wa Chilangala alikuja kweli, korosho zilipoisha, na baiskeli yake ya kubebea. Aliwakuta kina mama wamepanga mstari barazani na bakuli za mayai. Mjukuu wangu akamsalimia vizuri, akampa kiti na maji, akamwambia mashine haiuzwi. Yule bwana akatazama mstari, akatazama jenereta chini ya mkorosho. Akauliza kama na yeye anaweza kuleta mayai ya mkewe. Akaambiwa afuate mstari.

Hayo ndiyo ninayoyakumbuka, na mimi sijisifu bure nikisema kumbukumbu yangu ni nzuri. Lakini kuna neno moja tunagombana. Mtani wangu anawaambia watu kwamba ile mara ya mwisho jenereta iliwashwa na mkwe wangu, eti mimi nilivuta nikashindwa, kamba akaimalizia yeye. Nimemwuliza mkwe wangu kupitia kwa mkewe. Amejibu kwamba Mama ndiye ajuaye. Huo si ushahidi, kwa maana hata ningesema niliiwasha kwa meno, mkwe wangu asingenikatalia. Kwa hiyo nawaomba ninyi mliokuwa uani siku ile, na ninyi mliokaa barabarani mkaona: kama nimekosea, njooni mniambie mlivyoona, nitaandika upya. Ila mje mmeshasikilizana wenyewe kwa wenyewe kwanza, na msipitie kwa mtani wangu.